Kituo cha Umeme cha Schofield
Mtambo wa megawati 50 kisiwani Oahu, jimbo la Hawaii, Marekani. Tume ya jimbo inayosimamia huduma za umma iliiruhusu kampuni ya Hawaiian Electric kuujenga katika ardhi ya Jeshi la Nchi Kavu, ukaanza kazi mwaka 2018. Injini zake sita huweza kutumia mafuta yatokanayo na mimea, jambo lenye uzito katika jimbo ambalo sheria yake ya 2015 inataka umeme wote uwe wa nishati jadidifu ifikapo 2045. Ubora wake mkubwa ni mahali ulipo: mwinukoni, mbali na ufuo, tsunami isikofika, ilhali mitambo mingine mikubwa ya kisiwa iko pwani. Gridi ikizimika, kambi za jeshi hilo za Schofield, Wheeler na Kunia hupewa umeme kwanza. Siku za kawaida umeme wake hutumiwa na wateja wote wa kampuni hiyo kisiwani.