Ngazi za Michenzani

Wageni wanaofika Michenzani huyatazama yale majumba marefu wakashangaa. Mimi huhesabu ngazi. Polio ilinishika miguu tangu utotoni, na mji huu nimeusoma kwa mkongojo.

Ng'ambo niliyokulia ilikuwa ya nyumba za udongo zilizobanana. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilikusudia kuijenga upya. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakasaidia kuchora ramani ya mji, nyumba za zamani zikavunjwa, na wananchi wakajenga kwa kujitolea. Mzee Karume aliuawa Aprili 1972, kazi haijamalizika.

Sisi tulivunjiwa nyumba, tukapewa ghorofa ya nne. Tulifurahi, sitaficha: maji ya bomba, umeme, choo ndani. Lakini jumba letu halikuwa na lifti. Nyumba ya udongo ilikuwa na kizingiti kimoja. Hii ilikuwa na ngazi sitini na nne. Zamani nilikaa barazani, kila apitaye akanitolea salamu. Huku juu hapiti mtu. Nikirudi kazini sikushuka tena, hata kwenye misiba. Majirani wakasema, "Maalim siku hizi anajiona."

Siku moja jirani wa chini alifiwa na mtoto. Nilishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, nikachelewa maziko. Aliniona, akanyamaza. Baada ya arubaini akapanda kwetu: "Maalim, tubadilishane nyumba. Mimi miguu ninayo." Nilishindwa kumjibu. Tukahama wiki ile ile.

Mambo yamesogea tangu hapo. Mwaka 1985 iliundwa Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu Zanzibar. Mwaka 2006 Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria ya haki zetu. Na mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Michenzani nayo imepata mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, na maduka makubwa.

Siwalaumu waliojenga. Walimtoa maskini kwenye udongo, na hilo si dogo. Ila waliochora ramani walidhani sote tuna miguu ya aina moja, na kosa lao likasahihishwa na mtu mwenye msiba wake. Sheria ninazo kabatini. Nikisikia mjukuu wa jirani yule akikimbia ngazini, humwombea dua babu yake.