Kutolingana (hisabati ya KCSE)
Aina ya swali la aljebra katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne ulioanza 1989, ambao matokeo yake hutumika kuchagua wanaoingia vyuo vikuu nchini Kenya. Badala ya = huwekwa <, >, ≤ au ≥. Katika 7 − 2x ≤ 13, ondoa 7 ubaki na −2x ≤ 6. Ukigawanya kwa −2, ishara hugeuka: x ≥ −3. Hapa huteleza hata wajuzi. Karatasi ya pili huweza kuleta grafu: tuseme mwenye malori mtaani Kibarani, Mombasa, anatafuta idadi ya makubwa na madogo itakayompunguzia gharama. Eneo lisilotakiwa hutiwa kivuli; mpaka wa < au > huchorwa kwa mstari uliokatikakatika.