Kinyago kimepigwa picha, kisa kimebaki wapi?

JUZI mwanafunzi wangu mmoja alinitembelea nyumbani Entarara, huku Kajiado, akanionyesha picha kwenye simu yake. "Prof, hebu tazama hii." Alikuwa amempiga picha mcheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kule Kwale. Ilikuwa picha safi: kichwa cha mti, mwili uliofunikwa nguo, vumbi miguuni. Nikamuuliza, "Huyu ni nani, na anasimulia nini?" Akanyamaza.

Tuanze na neno lenyewe. Kinyago na unyago ni maneno ya mzizi mmoja. Kinyago kilikuwa kifaa cha jandoni na unyagoni, cha kutisha na cha kufunza. Miongoni mwa Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, kijana aliyetiwa jandoni ndiye aliyefunuliwa siri kwamba ndani ya lipiko (umoja wa mapiko) mna mtu. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba huyo ni marehemu aliyerudi. Hapo ndipo methali yetu inapopata uzito wake: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

Kamera nayo si mgeni wa jana katika ngoma hizi. Mwaka wa 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alizuru nyanda za Wamakonde akiwa na kamera ya picha, kamera ya filamu na santuri ya kunasa sauti. Filamu yake ilikuwa bubu. Nyimbo alizinasa kando, kwenye silinda za nta. Tangu siku hiyo, sura ikaenda huku na sauti kule.

Jambo hilo lina madhara makubwa kuliko tunavyodhani. Katika mapiko, kisa hubebwa na hatua za mchezaji, mapigo ya ngoma na waimbaji. Ngoma ikikatika, naye hukatika papo hapo. Ukiiondoa sauti, umebaki na gogo lililochongwa.

Tena kisa chenyewe hubadilika. Chini ya utawala wa Wareno, baadhi ya wachongaji walichonga sura za watawala na askari, watu wakawacheka hadharani. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka wa 1964, siasa ya FRELIMO ikaingia katika nyimbo. Mtafiti Paolo Israel ameandika historia hii katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2014. Basi anayetafuta mapiko "halisi" yasiyobadilika anatafuta kitu ambacho wachezaji wenyewe hawajapata kukihifadhi.

Wamakonde wa Kwale wanaijua vizuri nguvu ya picha. Wazee wao walianza kuja miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walisifika kwa uchongaji, lakini kwa miongo mingi walikosa picha moja ndogo tu: ile ya kitambulisho cha taifa. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia. Mwaka wa 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Kumbe mtu aweza kujulikana kwa kinyago chake, uso wake usijulikane!

Hata huku kwetu Umaasaini tujihadhari. Mwaka wa 2018 UNESCO iliziweka Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Siku hizi sherehe ikifanyika, simu huinuliwa juu kuliko rungu. Ni nani anayeandika maneno ya nyimbo?

Nilimshauri mwanafunzi wangu arudi Kwale. Aombe ruhusa, aulize jina la mhusika, anakili wimbo kwa Kimakonde kabla ya kuutafsiri, na aandike tarehe. Simu aende nayo, sikatai. Ila daftari litangulie.