Siri ya Mgonjwa

Riwaya za mapenzi na maradhi hazimfichi msomaji jambo kubwa. Tangu kurasa za mwanzo huhisi kwamba mmoja wa wapendanao hataufikia mwisho wa kitabu, na bado huendelea kusoma. Kinachofichwa ni kingine, na hufichwa kwa wahusika wenyewe: nani ameijua habari ya ugonjwa kwanza, na ameikalia kimya kwa muda gani? Naona historia ya riwaya za namna hii yaweza kufuatwa kwa swali hilo moja, na katika historia hiyo matabibu wana mkono mkubwa pengine kuliko watunzi.

Tuanze na kitabu kilichosomwa mno katika zama zetu. Mwaka 1999 Mmarekani Nicholas Sparks alitoa riwaya iitwayo A Walk to Remember, ambayo mambo yake yanatokea Beaufort, mji mdogo wa bandari katika pwani ya North Carolina, kuanzia 1958. Landon Carter, kijana wa miaka 17, mwana wa mbunge, anavutwa na Jamie Sullivan, binti wa mhubiri. Ni msichana wa nywele zilizofungwa kisogoni, Biblia mkononi, ambaye wenzake shuleni humcheka. Akimkubalia kwenda naye dansini, Jamie anamtaka kwanza aahidi kwamba hatampenda. Landon anaahidi upesi, maana haoni hatari yoyote. Miezi inapita, ahadi inavunjika, na hapo ndipo Jamie anamwambia kuwa ana saratani ya damu. Yeye na baba yake walikuwa wakijua tangu zamani. Kwa hiyo lile sharti la dansini, lililoonekana kuwa mzaha, lilikuwa huruma ya mtu aliyekwisha kuhesabu siku zake. (Nasema kando, kwa faida ya mtafsiri atakayejaribu: mwendo unaotajwa katika jina la kitabu ni hatua chache tu, kutoka mlango wa kanisa hadi mbele ya madhabahu, ambazo bibi harusi mgonjwa anaazimia kuzipiga kwa miguu yake mwenyewe. Atakayeuita ‘safari’ atakuwa ameuharibu.)

Haikuwa hivyo siku zote. Babu wa riwaya hizi, La Dame aux Camélias ya Alexandre Dumas mdogo, ilitoka Ufaransa mwaka 1848. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amefariki Paris, kwa kifua kikuu, Marie Duplessis, mwanamke wa miaka 23 ambaye mtunzi aliwahi kuwa mpenzi wake. Katika riwaya amekuwa Marguerite Gautier. Ugonjwa wake si siri kwa yeyote: anakohoa mbele ya wageni, na damu inaonekana. Siri yake ni ya namna nyingine. Anamwacha Armand kwa kuombwa na baba wa kijana huyo, naye Armand anadhani amesalitiwa. Verdi aliigeuza hadithi hiyo opera mwaka 1853, na wasomaji wa Kiarabu wakaipata kwa muhtasari wa Mustafa Lutfi al-Manfaluti katika kitabu chake Al-Abarat cha mwaka 1915. Kifua kikuu kilikuwa na heshima ya ajabu katika fasihi ya Ulaya, kana kwamba ni maradhi ya nyoyo laini. Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, Machi 1882, kwamba kinaletwa na kijidudu, heshima hiyo ilianza kupungua. Ni vigumu kuutungia shairi uzuri wa kikohozi ukijua kuwa mwenye kukohoa aweza kukuambukiza.

Baada ya dawa za kifua kikuu kupatikana, watunzi walihamia saratani ya damu, maradhi yasiyoharibu sura upesi na yasiyoambukiza. Hapo ndipo siri ilipoingia kwa nguvu, na haikuwa ya mgonjwa. Katika Love Story ya Erich Segal, iliyotolewa Februari 1970, Oliver na Jenny wanakwenda kwa daktari kwa sababu hawapati mtoto. Daktari anamwita mume peke yake, anamwambia kwamba mkewe anakufa, na kumshauri aendelee kuishi naye kama kwamba hakuna lililotukia. Msomaji wa leo hushangaa, hata hukasirika: mwili ni wa Jenny, habari ni ya Oliver! Lakini Segal hakubuni kitu. Mwaka 1961 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa Chicago, ambamo asilimia 90 ya madaktari walioulizwa walielekea kutomwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Mwaka 1979 jarida lilelile lilichapisha uchunguzi mwingine, na safari hii asilimia 97 walipendelea kumwambia. Kati ya tarehe hizo mbili desturi nzima ilipinduka, na riwaya ya Segal imekaa katikati.

Kwa mizani hiyo, Sparks amefanya jambo la werevu. Ameandika mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati katika nchi tajiri watoto wengi wenye aina ya kawaida ya saratani ya damu walikuwa wakipona. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alikuwa amefaulu kuurudisha nyuma ugonjwa huo kwa watoto kadhaa, lakini kwa muda tu, na miaka kumi baadaye hukumu ilikuwa karibu ileile. Nionavyo, ndiyo maana hadithi imerudishwa 1958: mauti yapate kuwa na yakini. Ila msichana aliyewekwa katika mwaka huo ana haki ya mgonjwa wa 1999. Anajua, na ndiye mwenye kuamua nani aambiwe na lini. Haki hiyo mtunzi aliijua nyumbani kwao, kwani amesema kuwa Jamie ametokana na umbu lake mdogo, aliyekuwa akiugua uvimbe wa ubongo na akapata mume aliyemuoa akiujua ugonjwa wake. Alifariki mwaka 2000, kitabu kikiwa kimekwisha kutoka.

Sisi wa pwani tuna neno linaloyatatiza mambo haya. Ndwele, katika mashairi yetu, ni maradhi na ni mapenzi pia, na malenga hupenda kumwacha msikilizaji asijue ni lipi kati ya hayo mawili linalomlaza mtu kitandani. Ukimwi uliukata mchezo huo. Tangu wagonjwa wa mwanzo walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, siri ya mgonjwa haikuweza tena kuwa zawadi ya huruma kama ile ya Jamie, kwa kuwa anayenyamaza huenda akamuua ampendaye. Ua la Faraja ya William Mkufya, iliyotoka 2004, imeandikwa chini ya uzito huo.

Lakini mgonjwa mwenye kuimiliki habari yake mwenyewe tulikuwa naye zamani. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wake yapata 1858, miaka kumi baada ya riwaya ya Dumas. Anasema wazi kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Marguerite naye aliandika akiwa kitandani, na kurasa zake zikamfikia Armand baada ya yeye kuzikwa. Mwana Kupona alimwita binti yake, akamwambia asogee karibu na wino na karatasi, akasema yote aliyotaka kuyasema huku mtoto ameketi mbele yake.