Kichaa cha Mbwa Kilivyotufikia

Hapa Uriri, Kaunti ya Migori, mbwa hafugwi kwa urembo. Usiku hulinda boma. Mchana huzurura kwenye mashamba ya miwa na kukutana na wenzake wasio na mwenyewe. Kichaa hupitia huko.

Nchini Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Mwaka 1928 ikawa zamu ya binadamu: mwanamke wa huku kwetu, ukanda wa Ziwa Viktoria. Chanjo ilikuwepo tangu 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister mjini Paris, lakini kutoka Paris hadi kwetu ilikuwa safari.

Utotoni mwangu dawa ya mbwa aliyetokwa mate ilikuwa rungu. Baadaye zikaja siku za chanjo sokoni: watoto wakiburura mbwa kwa kamba za katani, na paka wachache waliofungiwa guniani, wakipiga kelele kuliko mbwa wote. Wengi waliwaacha paka nyumbani, ingawa nao huambukiza.

Mwaka 2014 serikali ilizindua mkakati wa kuutokomeza ugonjwa ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau mbwa 7 kati ya 10 kila mwaka. Kazi ilianza na kaunti chache. Vyema, ila mbwa hajui mpaka wa kaunti.

Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe chanjo. Dalili zikishaanza, hakuna tiba ya kutegemea.