Wageni wa Rixdorf

Mtu akisafiri peke yake huona mambo ambayo, kama angekuwa na wenzake, angeyapita akizungumza. Tuliyaona hayo mjini Berlin. Kikao cha makanisa kilikuwa kimekwisha, nasi tulibakiwa na siku moja kabla ya kurudi nyumbani. Wenyeji wetu walitushauri tukaone Lango la Brandenburg na makanisa makubwa ya katikati ya jiji. Tuliwashukuru, kisha tukaenda Rixdorf bila mwenyeji wala mkalimani.

Rixdorf imo katika wilaya ya Neukölln. Ukitoka kwenye kituo cha treni cha Karl-Marx-Straße unapokelewa na kelele za jiji: maduka, magari, Kituruki na Kiarabu kila upande. Lakini ukikata kona mbili tatu, barabara inakuwa ya mawe, nyumba zinakuwa fupi, na nyuma yake kuna nyua za wakulima wa zamani. Pale Richardplatz bado ipo karakana ya mhunzi. Ni kijiji kilichomezwa na jiji, ila hakikusagwa.

Historia yake yatuhusu sisi tulio Kanisa. Jan Hus alichomwa moto huko Konstanz mwaka 1415, zaidi ya miaka 100 kabla Luther hajabandika hoja zake. Baadhi ya wafuasi wa njia yake waliunda Umoja wa Ndugu mwaka 1457. Baada ya vita vya mwaka 1620 Waprotestanti wa Bohemia waliteswa na watawala wao. Wengine walisali kwa siri, wengine wakakimbia. Mwaka 1737 familia 18 za wakimbizi hao zilipewa makao Rixdorf na Mfalme Friedrich Wilhelm I wa Prussia. Aliwapa ardhi na nyumba, nao wakaruhusiwa kusali kwa lugha yao.

Tusimfanye mfalme yule kuwa malaika. Alikuwa mtu wa majeshi, na nchi yake ilihitaji watu wa kulima, kufuma na kulipa kodi. Hata hivyo mlango ulifunguliwa. Mwaka 1912 wajukuu wa wakimbizi wale walisimamisha sanamu yake kijijini kama shukrani, nayo ingali pale.

Tusiwafanye na wakimbizi kuwa malaika. Watu waliokimbia pamoja kwa ajili ya Injili moja waligawanyika baadaye katika sharika tatu: Walutheri, Wareformed na Ndugu wa Herrnhut, ambao sisi Tanzania tunawaita Wamoravian. Tulipoingia katika makaburi yao, yaliyoanzishwa mwaka 1751, tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Upande wa Wamoravian mawe yamelazwa chini, tajiri sawa na maskini. Ukutani yamo mawe ya kale yenye maandishi ya Kicheki. Watu hawa waliishi Ujerumani, wakafa Ujerumani, lakini walizikwa kwa lugha ambayo mama zao waliwafundishia sala.

Hapo moyo wetu ulituchoma, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Miaka michache kabla ya safari ile tuliongoza baraza la wazee katika usharika mmoja wa mjini hapa nchini. Familia kadhaa zilizotoka ng'ambo ya mpaka ziliomba ibada moja kwa mwezi kwa lugha yao. Tulikataa. Tulisema Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, na kwamba tukiwapa hao, na wengine watadai. Hoja zilikuwa nzuri, na kura zilikuwa nyingi. Hatukumwuliza hata mmoja wao wanasalije usiku wanapokuwa na msiba.

Tena tulikuwa tumesahau tulivyoipokea Injili sisi wenyewe. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian na wale wa Misioni ya Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Walikuja wakati wa utawala wa kikoloni, na doa hilo hatulifichi. Lakini walijifunza lugha za wenyeji ili Neno lisikike. Ikiwa mgeni aliyetuletea Neno alijitaabisha kujifunza lugha yetu, mwenyeji aombwaye nafasi ya saa moja tu atajitetea kwa lipi?

Tuliporudi tulikuta nusu ya familia zile wamekwisha kuhama usharika. Tulikwenda nyumbani kwa mzee wao kuomba radhi. Tulianza kueleza tukiwa bado mlangoni, akatukatiza: "Mchungaji, ingia kwanza unywe chai. Hayo mengine tutaongea." Tulikunywa chai. Tuliongea hadi jioni.

Suala lilirudishwa barazani, na safari hii wao wenyewe walikuwepo kujieleza. Sasa wanayo ibada yao kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Waliohama hawakurudi wote.

Ndugu msomaji, katika usharika wako yumo aliyetoka mbali. Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, hauwaachi wenyeji wasahau kuwa nao ni wapitaji. Mwulize mtu huyo anasali kwa lugha gani akiwa peke yake, kisha umsikilize kabla ya kuitisha kura.