Mahakama ya Luxembourg na orodha ya Umoja wa Mataifa

Mnamo Oktoba mwaka 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani, jina la Yassin Abdullah Kadi, mfanyabiashara wa Saudi Arabia, liliingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wanaoshukiwa kushirikiana na Al-Qaeda. Mwezi uliofuata iliongezwa taasisi ya Al Barakaat ya Sweden, iliyohusishwa na mtandao ambao Wasomali walioko ugenini waliutumia kupeleka fedha kwa jamaa zao.

Umoja wa Ulaya ulitekeleza uamuzi huo kwa kuzuia mali zao katika nchi zote wanachama. Hawakufunguliwa kesi, wala hawakuelezwa ushahidi uliotumika dhidi yao.

Walipofika mahakamani Luxembourg, majaji wa ngazi ya kwanza waliyakataa madai yao Septemba 2005. Walisema hawana mamlaka ya kuyachunguza maazimio ya Baraza la Usalama, isipokuwa yakiuke kanuni za juu kabisa za sheria ya kimataifa. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe.

Hata hivyo, tarehe 3 Septemba 2008, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitengua hukumu hiyo. Majaji hawakudai kulihukumu Baraza la Usalama. Walichosema ni kwamba sheria ya Ulaya, hata inapotekeleza azimio la Umoja wa Mataifa, haina budi kuheshimu haki za msingi: haki ya kusikilizwa, haki ya kulindwa na mahakama na haki ya kumiliki mali. Umoja wa Ulaya ulipewa miezi 3 kurekebisha kasoro hizo.

Shinikizo la kesi za aina hii lilifika hadi New York. Desemba 2009 Baraza la Usalama liliunda ofisi huru ya kupokea maombi ya wanaotaka kuondolewa katika orodha hiyo. Jina la Kadi lilifutwa Oktoba 2012, baada ya miaka 11, na Julai 2013 mahakama ikampa ushindi wa mwisho.

Ugaidi unaua, na serikali zina wajibu wa kuuzuia. Lakini ofisi ile iliundwa kwa ajili ya orodha hiyo moja tu, ilhali Umoja wa Mataifa una orodha nyingine za vikwazo. Mamlaka yanapopanda juu ya mataifa, haki ya mtu kusikilizwa nayo yapasa ipande pamoja nayo.